Uzi: Kupoza tangi la samaki wa baharini kwa ubaridi wa ardhini hapa Mwanza

Mwalimu wa Isamilo (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri wenu kabla sijawalipa vibarua.

Ninaishi Isamilo, kwenye mteremko, na sebuleni nina tangi la kioo la lita 400 lililounganishwa na tangi la chini la lita 100 lenye pampu na kichuja povu, yaani kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu. Humo ninafuga kitatange wawili, kangaja mmoja, kamba wasafishaji na matumbawe laini. Huu ni mwaka wa nne ninachanganya maji ya bahari mwenyewe, kwa chumvi inayonifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo kila ndoo ninayoimwaga ninaisikia mfukoni.

Shida yangu ni joto. Jumanne iliyopita, saa tisa na nusu alasiri, kipimajoto kilisoma nyuzi 30.6, ilhali wanyama hawa wanataka nyuzi kati ya 24 na 27. Kangaja alikuwa amejibanza juu kabisa, kwenye mdomo wa bomba linalorudisha maji, mashavu yakifunguka na kufumba kama ya mtu aliyepanda kilima cha Bugando akikimbia, na kamba wawili walikuwa wamelala ubavu. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote. Kamba mmoja hakuamka tena.

Nimesoma kwamba wafugaji wa Ulaya na Marekani hufukia bomba ardhini kwa kina cha mita mbili au tatu, ambako udongo wao hukaa kwenye nyuzi 10 hadi 13 mwaka mzima, na maji yakizungushwa humo hurudi yamepoa bila kompresa yoyote. Nia yangu ni kununua roli moja ya bomba jeusi la milimita 25, mita 100, kulifukia kwa kina cha mita tatu nyuma ya nyumba, na kuyapitisha humo maji ya tangi. Vibarua wenye sururu na mtaimbo nimekwisha kuwapata. Je, kuna aliyewahi kulifanya jambo hili hapa Kanda ya Ziwa?

FundiBaridi (Kirumba)

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza kwa kukukatisha tamaa kidogo.

Ardhi haitengenezi baridi. Inachofanya ni kutunza wastani wa joto la mahali ilipo. Huko ulikosoma, wastani wa mwaka ni nyuzi 10 au 12 kwa sababu wana majira ya barafu, na ubaridi wa majira hayo ndio wanaoutumia wakati wa kiangazi. Sisi hapa hatuna barafu ya kutunza. Wastani wa hewa ya Mwanza ni kama nyuzi 23 au 24, na udongo wako utakuwa hapo hapo au juu yake kidogo. Ukichimba mita tatu ukitegemea kukuta jokofu, utakuta shimo.

Tena lile neno jotoardhi wengi wanalichanganya. Kule Olkaria nchini Kenya, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu mwaka 1981, wanachimba kilomita kadhaa kufuata joto. Ukienda chini sana, ardhi inazidi kuwa ya moto. Kwa nini usinunue mashine ya kupozea maji?

Mwalimu wa Isamilo

Marahaba, fundi. Mashine niliwahi kununua, iliyokwisha kutumika, kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja. Ilifanya kazi miezi mitano, kompresa ikafa, na muda wote huo joto iliyolitoa kwenye maji ililimwaga sebuleni, sebule ikapata joto, maji nayo yakapata joto, mashine ikazidi kufanya kazi. Umeme ukikatika alasiri, ambayo ndiyo saa ya hatari, ilikuwa pambo. Ninachotafuta ni kitu ambacho pampu ndogo ya betri inaweza kukiendesha.

Mwanafizikia wa Nyegezi

Mwalimu, fundi amesema kweli, lakini hajamaliza. Nyuzi 24 au 25 si baridi, ila tangi lako linafika 30.6. Pengo lipo. Swali ni kama pengo hilo linatosha kupitisha joto unalotaka kulitoa, na hilo linapigiwa hesabu.

Tuanze na mzigo. Pampu zako zote, pamoja na ya kichuja povu na zile za mawimbi, tuseme zinakula wati 105 usiku na mchana, na karibu zote huishia kuwa joto ndani ya maji. Taa za wati 150 kwa saa nane zinaongeza. Jumla ni kama uniti 3.7 za umeme kwa siku, yaani wastani wa wati 155. Lita 500 za maji ya bahari zinahitaji kama uniti 0.57 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo kama joto hilo lisingepata pa kutokea, maji yako yangepanda zaidi ya nyuzi sita kila siku. Kwa hiyo kabla ya sururu, punguza taa na badilisha pampu inayokula umeme mwingi. Kila wati usiyoiingiza ni wati usiyohitaji kuitoa.

Sasa ardhi. Joto la mchana na usiku halishuki mbali. Ukifika kina cha nusu mita hadi mita moja hulioni tena. Kinachoshuka zaidi ni badiliko la majira, na ndilo linalowalazimisha wenzetu wa nchi za baridi kwenda mita tatu. Hapa Mwanza mwezi wa joto na mwezi wa ubaridi vinatofautiana kwa nyuzi chache tu. Kwa hiyo mita tatu ni jasho la bure: mita moja na robo hadi moja na nusu inatosha, mradi eneo liwe kivulini. Udongo unaopigwa jua siku nzima bila jani juu yake huwa na joto zaidi kuliko ule ulio chini ya miti, na kwa pengo dogo kama lako nyuzi moja ni mali.

Jambo la tatu ndilo huwaangusha wengi. Joto lina milango miwili ya kupita: kutoka maji ya tangi kwenda maji ya bomba, kisha kutoka bomba kwenda udongoni, na kila mlango unatoza ushuru. Kama tangi liko nyuzi 28.5 na udongo nyuzi 24.5, una nyuzi nne tu za kulipia ushuru wote. Ndiyo maana hutapata 25 hata ukifukia kilomita moja. Unachoweza kupata ni kukata kilele cha alasiri.

Ushauri wangu: usinunue kitu. Chimba shimo moja la mita moja na robo, weka chupa ya maji yenye kipimajoto cha waya, fukia, na usome asubuhi, mchana na jioni kwa wiki moja. Halafu rudi hapa.

Dada wa Mbezi (Dar es Salaam)

Mwalimu, nakusihi, maji ya tangi yasiingie ardhini kabisa. Nimefuga matumbawe miaka kumi na moja na kosa hili nimeliona kwa jirani. Ndani ya bomba refu lenye giza huota utando wa bakteria, nao hupumua oksijeni kama samaki. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, maji yaliyosimama humo yanaishiwa oksijeni, yanaanza kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na umeme ukirudi pampu inausukuma uchafu wote huo kwenye tangi kwa mkupuo mmoja. Lita 30 za maji ya namna hiyo zinatosha kuua kila kitu. Na bomba likitoboka, chumvi yako yote inakwenda kwenye udongo wa mama mwenye nyumba.

Tumia mzunguko uliofungwa: maji ya bombani peke yake kwenye bomba la ardhini, na ndani ya tangi la chini uweke koili ambamo maji hayo yanapita bila kukutana na ya bahari. Koili isiwe ya shaba hata kidogo, kwa kuwa shaba ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe. Chuma kisichoshika kutu nacho hutobolewa na maji ya chumvi taratibu. Titani ndiyo isiyodhurika, lakini bei yake unaijua. Plastiki inafaa ukikubali kuweka mita nyingi.

Jambo jingine wewe wa huko juu hulitazami. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yenu ni nyepesi kuliko yetu kwa kama asilimia 12, na oksijeni inayoyeyuka kwenye maji inapungua kwa kiwango hicho hicho. Huku Dar maji ya bahari ya nyuzi 26 yanaweza kubeba kama miligramu 6.6 kwa lita. Kwako hayafiki 6, na yakifika nyuzi 30 yanazidi kushuka. Kangaja wako hakuwa anahisi joto tu, alikuwa anakosa pumzi. Geuza pampu moja ya mawimbi itazame juu, ivunje uso wa maji. Hiyo ifanye leo.

Mgeni_Nyakato

Samahani, naomba kueleweshwa. Dada anasema aweke maji baridi kwenye bomba, na kwenye tangi wanaishi samaki wa bahari. Hawatakufa?

Dada wa Mbezi

Sikuandika maji baridi, ndugu yangu, ila nimeelewa ulipokwama. Sisi wafugaji tukisema maji baridi tuna maana ya maji yasiyo na chumvi, ya ziwa na mto, hata yakiwa yanachemka. Humu kwenye uzi wa kupoza neno hilo litatuchanganya sote, kwa hiyo tuseme maji ya bombani.

Mvuvi Mstaafu (Luchelele)

Mnajitesa na mawe ilhali mna ziwa mlangoni. Mtu anayekaa karibu na ufuko si atupe bomba majini mita hamsini, avute maji, ayapitishe kwenye hiyo koili na kuyarudisha?

Mwanafizikia wa Nyegezi

Mzee wangu, wazo hilo lingefaa kama ziwa lingekuwa la baridi. Maji ya juu ya Ziwa Victoria yanacheza kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi, na ufukoni penye kina kifupi alasiri huzidi hapo, kwa hiyo saa unayolihitaji ndiyo saa ambayo halikusaidii. Kisha kuna magugumaji ya kuziba kichujio, na kichocho kwa kijana utakayemtuma kukisafisha. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni kwa ajili ya hifadhi, na kuvuta maji ya ziwa kwa matumizi kama hayo kunataka kibali cha bodi ya bonde. Kwa samaki watatu sebuleni, sioni sababu.

Mwalimu wa Isamilo

Nimerudi na majibu ya wiki. Nilichimba mashimo mawili, yote ya mita moja na robo. La kwanza liko uani, mahali peupe pa kuanikia nguo: nyuzi 26.3, asubuhi na jioni bila kubadilika. La pili liko nyuma, chini ya mwembe: nyuzi 24.8. Kwa kweli nilidhani kipimajoto kimoja ni kibovu, nikavibadilisha, majibu yakabaki pale pale. Umbali kati ya mashimo hayo ni hatua kumi na nane.

Pampu ya mawimbi nimeigeuza. Kangaja ameshuka chini.

Mchimba Visima (Buswelu)

Mwalimu, hongera kwa kupima, wengi hawapimi. Mimi nimechimba visima Ilemela na Nyamagana miaka mingi na nitakueleza lililo chini yako. Isamilo yote ni jabali la graniti lililofunikwa shuka nyembamba ya udongo. Sehemu moja utashuka mita mbili bila jiwe, hatua tatu mbele mtaimbo unalia kwenye sentimita arobaini. Usipange mstari ulionyooka. Pita kwanza na nondo iliyochongwa, ipigilie kila baada ya hatua moja, uweke vijiti palipo laini, kisha mtaro ufuate vijiti hata kama utapinda kama nyoka.

La pili, udongo wa mteremko kama huo ni luseni, mchanga mchanga, mwepesi kuchimba, lakini mvua ikikatika wiki tatu unakauka kama unga. Sijui hesabu za joto, ila najua kwamba mchanga mkavu haupitishi kitu. Ndiyo maana bibi zetu walitunza makaa ya moto kwenye majivu na mchanga mkavu, wakayakuta asubuhi.

Mwanafizikia wa Nyegezi

Hapo mchimba visima amegusa kiini. Hesabu yake hii hapa. Bomba la milimita 25 lililofukiwa kwenye udongo wenye unyevu mzuri hutoa kama wati moja na nusu kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kwenye mchanga mkavu hutoa chini ya nusu wati. Ni bomba lile lile, jasho lile lile na kina kile kile, ila mavuno ni theluthi. Mtu wa mbugani kule chini ana bahati wakati wa mvua, kwa kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji, lakini kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono na kuliacha bomba likining'inia hewani.

Kwa hiyo zungushia bomba lako mchanganyiko: sehemu moja ya udongo wa mbuga, sehemu mbili za luseni yako, ukishindiliwa ukiwa mbichi. Hautapasuka na hautakauka upesi.

FundiBaridi

Mimi bado nauliza swali la fundi: kwa nini tusianze na feni? Lita moja ya maji ikivukizwa inaondoka na joto la kama uniti 0.68. Feni ya wati 12 ikipuliza juu ya tangi la chini na kuvukiza lita tatu kwa siku, imetoa uniti mbili. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mzigo wote alioupiga hesabu Mwanafizikia, kwa kifaa ambacho mwalimu anaweza kukinunua Makoroboi akirudi sokoni.

Dada wa Mbezi

Huku kwetu feni haileti mengi kwa sababu hewa imeshiba unyevu wa bahari. Nyie wa Mwanza mna hewa kavu zaidi, hasa Juni hadi Agosti, itumieni.

Mwalimu wa Isamilo

Feni ninayo, fundi, ni kosa langu kutoitaja. Bila hiyo ningekuwa naandika habari za nyuzi 33. Inanipotezea lita nne kwa siku, na kila lita inayopotea ni lazima nirudishe maji yasiyo na chumvi wala chokaa, maana kinachovukizwa ni maji na chumvi inabaki. Chujio langu linamwaga lita tatu za maji kwa kila lita moja safi linayonipa. Kwa hiyo feni inakunywa lita kumi na sita za bomba kila siku, katika mtaa ambao maji yana ratiba. Tena dari juu ya tangi limeanza kuota ukungu. Sitaki kuiacha. Nataka ipunguziwe kazi.

Mwanafizikia wa Nyegezi

Basi hapo umeniridhisha. Ningekuwa nimegundua kwamba huna feni, ningekuambia uache kuchimba.

Mama Mjenzi (Mahina)

Naomba kuchangia jambo moja ambalo sijaliona. Nyumba nyingi za hapa zina tangi la zege ardhini la kuvunia maji ya mvua. Langu ni la lita 10,000. Nimepima baada ya kusoma uzi huu: nyuzi 24.1. Je, siwezi kutumbukiza roli ya bomba humo badala ya kuchimba mtaro?

Mwanafizikia wa Nyegezi

Mama, wewe umeshamaliza kazi bila kujua. Uniti 3.7 za joto zinapandisha lita 10,000 kwa theluthi moja ya nyuzi kwa siku nzima, na sehemu kubwa ya hilo itatokea ukutani usiku kucha na kwa maji mnayochota na kujaza upya. Maji pia huzunguka yenyewe kuligusa bomba, jambo ambalo udongo haufanyi. Endesha alasiri tu. Tahadhari ni moja: mwishoni mwa kiangazi tangi likiwa limebaki robo, ubaridi wako nao umebaki robo.

Mwalimu wa Isamilo

Taarifa ya mwezi mmoja, nami nitakuwa mkweli hata pale nisipopendeza.

Tulichimba siku sita badala ya mbili. Mtaro ulikwenda mita 22 ukipinda mara nne kukwepa mawe, kina kati ya mita moja na moja na nusu, isipokuwa sehemu moja ya sentimita 80 ambapo jabali lilikataa na sikuwa na ugomvi nalo. Bomba linakwenda upande mmoja na kurudi upande mwingine, umbali wa sentimita 60 kati yake, bila kiungo hata kimoja chini ya ardhi. Koili ya tangi la chini ni mita 20 za bomba la milimita 20. Pampu ni ya betri, wati 18, na kidhibiti joto kinaiwasha maji yakifika nyuzi 27 na kuizima yakishuka 26.5.

Siku ya kwanza haikupoza chochote. Pampu ililia, maji hayakwenda. Kwa kuwa eneo ni mteremko, hewa ilikuwa imekwama kwenye tumbo la bomba mahali pa juu kabisa, pale karibu na ukuta wa jikoni, na pampu ndogo haikuweza kuisukuma. Fundi wa bomba wa mtaani aliweka koki ndogo hapo juu, tukajaza maji kwa mpira kutokea chini hadi koki ikaacha kutema mapovu. Nashukuru tulikuwa hatujafukia.

Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Kilele cha alasiri kilishuka kutoka 30.6 hadi 27.9. Wiki ya pili 28.3. Wiki ya nne, yaani jana, 29.4. Maji yanayorudi kutoka ardhini yamepanda kutoka nyuzi 25.2 hadi 27. Nimekosea wapi?

Mwanafizikia wa Nyegezi

Ule mchanganyiko wa mbuga uliuweka?

Mwalimu wa Isamilo

Niliuweka mita nane za mwanzo. Tripu ya pili ya udongo ilichelewa, vibarua walikuwa wanataka kuondoka, nikafukia zilizobaki kwa luseni iliyotoka mtaroni.

Mchimba Visima

Na mvua haijanyesha tangu uanze. Mwalimu, mwaga maji.

Mwanafizikia wa Nyegezi

Bomba limeupasha joto mchanga unaolizunguka, mchanga umekauka zaidi kwa joto hilo hilo, na ulivyokauka ndivyo ulivyozidi kulizuia. Siku za mwanzo zilikudanganya kwa sababu udongo wa jirani ulikuwa bado haujashiba. Usifukue. Upatie unyevu wa kudumu kutoka juu, kidogo kidogo.

Mwalimu wa Isamilo

Ni Februari, na nimesubiri kuandika hadi nipate alasiri za jua kali baada ya mvua za vuli, kusudi sifa isiende kwa mawingu.

Maji ya bafuni, yaliyokuwa yanakwenda shimoni, sasa yanapita kwenye bomba lililotobolewa matundu kila baada ya hatua moja, lililolazwa sentimita 30 juu ya bomba la kupozea. Bomba la chini limefungwa, kwa hiyo sabuni haina pa kuingilia. Kando ya mtaro, mita moja pembeni, nimepanda migomba sita, ambayo inatia kivuli mahali mwembe usipofika na inanionyesha, kwa majani yake, sehemu ambayo matundu yameziba. Mgomba wa nne uliwahi kunyauka; nikafukua kwa mkono, nikakuta nywele na mabaki ya sabuni yameziba matundu matatu.

Vipimo vya wiki hii, saa kumi alasiri, feni ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa: 27.6, 27.8, 27.5, 27.7. Maji yanayorudi kutoka ardhini ni 25.9. Uvukizaji umeshuka kutoka lita nne hadi moja na nusu. Alhamisi umeme ulikatika saa saba mchana hadi saa mbili usiku. Pampu ya kupozea na pampu moja ya mawimbi ziliendelea kwa betri, na tangi halikuvuka 28.

Sijapata 26 niliyoitaka na sitaipata. Nimeondoa kitatange mmoja, nimempa rafiki, ili tangi lisilemewe, na sitafuga matumbawe magumu yanayotaka maji ya baridi zaidi na taa kali.

FundiBaridi

Mwalimu, nimeshindwa kwa heshima. Ila nyumbani kwa wateja nitaendelea kusema feni kwanza.

Mama Mjenzi

Langu la zege linanipa 27.1, na sikuchimba hata kidole. Swali: kidhibiti chako umekiweka kwenye tangi kubwa au la chini?

Mwalimu wa Isamilo

Tangi kubwa, mama, upande ulio mbali na maji yanayorudi. Kikiwa karibu na koili kinadanganywa, kinazima pampu mapema, na juu samaki bado wana joto. Kiwekee pia kifuniko cha mpira, kwa sababu kamba wangu wamekifanya kitanda.